Yowe Lililochelewa Siku Nne

Sura ya Tisa

Siku ya nne hakuna aliyewatandikia mkeka.

Detektivu Sajini Nabukeera alisimama katikati ya uwanja wa marehemu Kasirye, daftari mkononi, na watu wapatao hamsini waliokaa matanga wakamtazama bila hata mmoja kumwamkia. Kijiji cha Lwamaddu kilizoea kumsalimia mtu mpaka achoke: umelalaje, wa nyumbani hawajambo, utokako kukoje, na huko kwingine je. Kumnyamazia mgeni kulikuwa sawa na kumtemea mate kiatuni.

"Sajini," Koplo Okwir alinong'ona, "leo wametuvalia sura za machinjioni."

"Wana sababu. Mvua ya kupandia ilinyesha Jumatatu usiku. Leo Ijumaa, na maharage bado yako vikapuni."

"Si wapande? Nani kawashika mikono?"

Okwir alizaliwa Lira, kaskazini, na alikuwa na miezi mitatu tu tangu ahamishiwe Masaka. Nabukeera alimjibu bila kugeuza kichwa. "Maiti. Huku jembe haligusi udongo mpaka marehemu azikwe. Na marehemu tunaye sisi, hospitalini, anasubiri daktari. Kila siku tunayomshikilia ni siku ya njaa mwezi wa saba. Sasa umezielewa zile sura."

Mwenyekiti wa kijiji, Bwanika, aliinuka kwenye kiti pekee kilichokuwepo uwanjani. Alivaa kanzu nyeupe na koti jeusi, na alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Sajini, umekuja kumchukua yule mwanamke, au umekuja kutuhesabu? Mkuu wako amenipigia simu. Gari linafika saa kumi. Karatasi ameshasaini."

"Ni kweli."

"Sasa ni saa sita. Unatafuta nini tena?"

"Saa zangu nne," Nabukeera alisema.

Mguno ulipita mikekani.

Mambo yenyewe yalikuwa yameandikwa tangu Jumanne. Mzee Kasirye, aliyefiwa na mkewe, alipigwa kichwani nyuma ya banda lake la kahawa. Ardhi chini ya mwili wake ilikuwa kavu na pembeni tope tupu. Kwa hiyo aliuawa Jumatatu jioni, kabla ya mvua. Silaha ilikuwa mchi wa karanga, na mchi ulitoka jikoni kwa mkwewe Nalumansi, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye mtoto wa miezi minne, ambaye mumewe aliendesha lori la mizigo hadi Juba. Na ni Nalumansi huyohuyo aliyeikuta maiti Jumanne asubuhi alipompelekea baba mkwe uji wake. Aliikuta, akanyamaza. Yowe lilipigwa na mtu mwingine, baadaye sana. Tangu hapo msichana hakuwa ametoa neno, na polisi wawili walilinda mlango wake usiku na mchana ili nyumba isichomwe moto.

"Nina swali moja," Nabukeera alisema, "na kila mtu atalijibu. Yowe la Jumanne lilikukuta wapi, na mwili wako ulifanya nini?"

"Polisi wa siku hizi wanahoji miili!" mwanamke mmoja alipaza sauti. "Kesho watahoji nguo za ndani."

Kicheko kilichofuata hakikuwa na urafiki. Lakini mzee Lubwama, aliyebakiwa na jino moja, alinyoosha mkono.

"Andika, binti yangu. Nilikuwa mtaro wa tatu. Nilijamba. Halafu nikakimbia. Andika kwa mpangilio huohuo."

Kicheko kikabadilika, hata waliofiwa wakafunika midomo. Nabukeera aliandika kwa mpangilio huohuo. Baada ya hapo wakaanza kusema, kwa kununa, mmoja mmoja.

"Magoti yaliacha kazi. Nilikalia mbegu zangu, nilipoinuka zimeninasa matakoni."

"Mate yalikauka. Nikataka kumwita mwanangu, jina likanipotea. Mtoto niliyemzaa mwenyewe!"

"Mimi sijui. Nilijikuta hapa uwanjani. Njia siikumbuki."

"Nilicheka. Ee, nilicheka. Msinitazame hivyo, hata mimi sijui kwa nini."

Wote walikuwa mashambani tangu alfajiri. Wote walitupa majembe pale yowe lilipowakuta, wakaja mbio na tope miguuni. Na kwa kuwa yowe lilikuwa la maiti, majembe yalibaki kule kule.

Mwenyekiti Bwanika alijibu akiwa amesimama. "Mimi na mke wangu tulikuwa tunalima tangu saa kumi na mbili. Nilipolisikia lile yowe nywele zilinisimama, damu ikaniganda mishipani, moyo ukapanda hadi kooni, na jembe likaniponyoka mkononi."

"Na wewe, mama Babirye?"

"Nimeshakuambia tulikuwa pamoja," Bwanika alisema.

"Nimemuuliza yeye."

Babirye, mke wake, alikuwa akichokonoa ukindu wa mkeka. "Ni kama alivyosema mwenyekiti."

Walipotoka uwanjani Okwir alitikisa kichwa. "Yule ameogopa kama mtangazaji wa redio."

"Umeona, eh? Wenzake kila mmoja kaniambia jambo la aibu. Hofu ya kweli huacha aibu nyuma yake. Ya mwenyekiti imepigwa pasi."

"Kwa hiyo ni mwongo."

"Kwa hiyo ni mwenyekiti. Hatumkamati mtu kwa kuongea vizuri, Koplo. Twende kwa msichana."

* * *

Mlango wa Nalumansi ulikuwa umezibwa na shangazi Nantege, dada wa marehemu, mwanamke mkubwa aliyejifunga kitambaa cha msiba kiunoni. Ndani mtoto alikuwa akilia kilio cha kukwaruza, cha aliyelia sana.

"Unakuja kumbembeleza?" Nantege aliuliza.

"Nakuja kumwona. Wewe ndiye uliyepiga yowe, shangazi?"

"Ndiye mimi. Saa tatu. Nimekuja kumjulia hali kaka yangu, namkuta amelala chini kama gogo, na huyu amesimama anamwangalia. Hajalia, hajaita." Alinyoosha kidole ndani kama anayeonyesha nyoka. "Sajini, wewe ni wa hukuhuku, usijifanye hujui. Yowe haliulizwi nani kalipiga wala kwa nini. Linajibiwa. Ukilisikia, unapiga lako, unakimbia. Ndivyo tunavyolindana, hata mimi na adui yangu. Mwehu akiona maiti hupiga yowe. Aliyemchukia marehemu hupiga yowe. Kinywa kinachonyamaza mbele ya maiti ni kinywa kilichoshiba!"

Nabukeera alimpita. Nalumansi alikaa chini, mgongo ukutani, gomesi lake limefunguliwa kifuani. Mtoto alishika titi, akanyonya mara tatu, akaliachia, akapiga kelele, akashika tena. Msichana alitazama ukuta wa mbele.

"Tangu lini?" Nabukeera aliuliza.

"Tangu lini nini?" Nantege alisema kutoka mlangoni.

"Tangu lini maziwa yamekatika?"

Nantege alikaza fundo la kitambaa chake. "Jumanne."

"Jumatatu yalikuwepo?"

"Jumatatu mtoto alikuwa anacheua kwa shibe. Sasa tunampa ya ng'ombe kwa kijiko, anatapika." Kisha sauti ikarudi kuwa ngumu. "Gari likija, mtoto haendi jela. Ni wa ukoo wetu, anabaki."

"Kwa maziwa yale anayotapika?"

"Mungu ndiye anayejua."

Nabukeera alipiga magoti. Hakumgusa msichana. Alitazama daftari lake, akatazama sakafu, kisha akainua kidogo pindo la gomesi.

Miguu yote miwili, kuanzia vidoleni hadi kifundoni, ilikuwa na malengelenge. Mengine yalikuwa yamepasuka na nzi wameyakalia.

"Koplo, taa."

Okwir alimulika. Alipiga mluzi mdogo.

"Shangazi Nantege, ulipomkuta Jumanne, alikuwa amekanyaga nini?"

"Uji. Bakuli limemwanguka. Alisimama katikati ya uji kama kisiki."

"Uji ulikuwa unafuka moshi?"

"Moshi gani? Umeganda. Una ngozi juu kama maziwa ya jana."

Nabukeera aliandika, akipiga mstari chini ya kila neno. "Uji ulimwangukia ukiwa umetoka motoni, ndiyo haya malengelenge. Wewe umeukuta na ngozi. Hapo katikati ni karibu saa nzima, na yeye hajatoa mguu. Shangazi, umewahi kuunguzwa na uji?"

"Nani hajawahi."

"Ulinyamaza?"

Nantege alishika fremu ya mlango.

"Mwenye hila anaweza kunyamaza mbele ya maiti. Mbele ya uji wa moto hakuna mwenye hila. Huyu, mwili wake ulizimika kabla hajajua kwamba anaungua. Sauti ilimtoka, maziwa yakafuata."

"Maneno ya shule hayo."

"Malengelenge hayajaenda shule, shangazi."

Mwanamke yule mkubwa alitazama miguu ya msichana kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, kisha akatazama kwingine. "Mchi ni wake," alisema.

"Jiko lake lina mlango?"

"Halina."

Nje, Okwir alitazama saa yake. "Saa saba na nusu. Hilo litamtosha mkuu?"

"Halimtoshi. Atasema aliungua siku nyingine, au alijiunguza. Mkuu hataki malengelenge, anataka mtu." Nabukeera alifungua kurasa za asubuhi. "Kila mmoja kanitajia shamba na mtaro wake. Twende tukaangalie kama mashamba yanasema hivyohivyo."

* * *

Watu kadhaa waliwafuata kwa mbali, kama mtu anavyomfuata ng'ombe wa jirani asiingie kwake.

Shamba la Lubwama lilikuwa la kwanza. Mtaro wa tatu, kama alivyosema. Udongo mwekundu umeinuliwa mabonge mabonge, kila bonge bado lina upande laini pale bapa la jembe lilipopita, magugu yamepinduliwa mizizi juu na kunyauka. Mtaro umeishia katikati, na jembe limelala hapo kifudifudi, limepakwa tope lililokauka na kupasukapasuka.

Okwir aliinama kulishika.

"We! Usiguse!" mwanamke alipiga kelele kutoka kwenye migomba. "Unataka tufe wote?"

"Mama, nataka kuona tu."

"Angalia kwa macho! Kwenu hamna macho?"

Okwir alirudisha mkono kama aliyegusa sufuria. "Wanaogopa kweli," alimwambia Nabukeera kwa sauti ya chini. "Nilidhani ni heshima tu."

"Ni vyote viwili. Bibi yangu alisema ukilima na maiti hajazikwa, unamchimbia kaburi mtu wa nyumbani kwako. Nilienda shule, nikajifunza alama za vidole. Lakini mimi pia silimi."

Walipita mashamba tisa. Yote yalisema kama wenyewe walivyosema. Mwanamke aliyekalia mbegu alikuwa ameziacha chini, nazo zilikuwa zimeanza kuota juujuu. Aliyecheka alikuwa ametupa jembe mbali sana, hadi kwenye mtaro wa jirani. Kila jembe lilikuwa na tope lililokauka.

Shamba la kumi lilikuwa la mwenyekiti Bwanika. Lilipakana na la marehemu, na masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, yalisimama mstari mmoja, majani yamelegea. Nabukeera aliyatikisa. Mizizi ilicheza. Aligeuza kurasa mbili nyuma kwenye daftari: mpima ardhi aliyeitwa na Kasirye alikuwa aje Jumanne, saa tano.

"Jembe lile kule," Okwir alisema. "Katikati ya shamba, kama alivyosema. Kaongea kama redio lakini kasema kweli."

Nabukeera hakuingia. Alichuchumaa pembeni, uso karibu na ardhi, akakaa hivyo hadi Okwir naye akachuchumaa.

"Unaona nini, Koplo?"

"Udongo."

"Uso wake?"

Okwir alitazama. "Una vishimo vidogo vidogo. Kama... kama ndui."

"Matone ya mvua ya Jumatatu. Shamba zima, mwanzo hadi mwisho. Kule kwa Lubwama uliona vishimo?"

"Hapana. Kule ni mabonge."

"Kwa sababu Lubwama aliupindua udongo baada ya mvua. Huu haujapinduliwa. Na tangu Jumatatu mvua haijarudi." Alinyoosha kalamu. "Nyayo: mtu mmoja, buti za mpira, ameingia na kutoka. Hazikuzama. Jumanne asubuhi udongo ulikuwa tope, angezama hadi kifundoni. Hizi zimepita baada ya jua kukausha. Mke wake alilima akiwa anaelea?"

Waliingia kwa kukanyaga pembeni ya nyayo zile. Okwir alipiga picha. Jembe lilikuwa kutu tupu ya msimu uliopita, bila chembe ya tope.

"Alilileta baadaye," Okwir alisema. "Sawa. Hakulima. Lakini mtu anaweza kuchoka, Sajini."

"Asubuhi ya kwanza baada ya mvua ya kwanza? Huku hata mwenye malaria hulima huku anatapika. Kuna kitu kimoja tu kinachomzuia mtu wa Lwamaddu asiguse udongo asubuhi kama ile."

Okwir aligeuka. Akautazama mstari wa migomba, kule waliko wale watu. "Lakini yowe lilipigwa saa tatu."

"Ndiyo."

"Alfajiri hakuna aliyejua kwamba kuna maiti."

"Ndiyo, Koplo. Hakuna aliyejua." Nabukeera alivua kitambaa chake cha kichwani. "Wale wengine walishtuka. Mtu hushtushwa na asichokitarajia. Huyu hakushtuka, aliogopa. Na kuogopa kwa namna hii kunataka ujue kwanza."

Alisema taratibu, "Samahani, mzee Kasirye," akalizungushia jembe kitambaa, akaliinua.

Kwenye migomba watu walipiga ukemi.

* * *

Gari la kituo lilikuwa limefika mapema na lilikuwa likipiga honi barabarani. Umati uwanjani ulikuwa umesimama wote. Nalumansi alikuwa ametolewa mlangoni na askari mmoja. Nantege alimshika mtoto. Nabukeera alipoingia na jembe, nafasi ilifunguka mbele yake kama amebeba moto.

"Jembe matangani!" mtu alifoka. "Huyu polisi ametulaani!"

"Mfukuzeni!"

"Binti yangu," mzee Lubwama alisema, "hilo la leo baya."

Nabukeera aliliweka chini, akafungua kitambaa. "Baya, mzee. Nitaliombea msamaha nikimaliza. Jembe la nani hili?"

Watu walisogea licha ya hofu yao. Mpini ulikuwa na alama ya kuchomwa kwa moto ambayo kila mtu aliijua.

"La kwangu," Bwanika alisema. "Lililoniponyoka. Na kwa kulishika umevunja mwiko mbele ya kijiji kizima. Mchukueni huyo mwanamke, mwondoke!"

"Mzee Lubwama, jembe lako lina nini kwenye bapa?"

"Lina nini tena, tope. Nililima."

"Wewe mama uliyekalia mbegu?"

"Tope. Litakuwa na nini, sukari?"

"Hili je?"

Lubwama aliinama, mikono mgongoni. Alilitazama jembe upande huu, akazunguka, akalitazama upande ule.

"Hili halijalima mwaka huu," alisema.

"Shamba lake lote lina vishimo vya mvua ya Jumatatu," Nabukeera alisema. "Hakuna mtaro hata mmoja. Mnaoniona mwongo, ni hapo chini, nendeni mkatazame. Mwenyekiti, Jumanne alfajiri hukulima. Kwa nini?"

"Nilikuwa mgonjwa."

"Wa nini?"

"Homa."

"Leo saa sita uliniambia ulikuwa unalima tangu saa kumi na mbili. Nimeandika: nywele zilisimama, damu iliganda, jembe likaponyoka. Homa hukuitaja."

"Nilisahau."

"Ulisahau homa, ukakumbuka jembe."

"Unanihoji mimi?" Bwanika aligeukia umati, mikono imefunguka. "Mimi niliyewaombea barabara? Mimi niliyesimama na familia hii siku nne? Muuaji si yule pale, aliyemtazama mzee akiwa maiti na asifungue mdomo? Nani kati yenu asingepiga yowe? Nani?"

Baadhi walinung'unika kumuunga mkono. Mtu alirusha bonge la udongo. Lilimpiga Nalumansi begani na hakupepesa.

"Mama Babirye," Nabukeera aliita. "Jumanne ulikuwa mtaro wa ngapi?"

Babirye alikuwa nyuma ya mumewe. Hakuinua uso.

"Usimwulize yeye—" Bwanika alianza.

"Mwache aseme!" Ilikuwa sauti ya Nantege. Alikuwa amesogea hadi mbele, mtoto begani. Macho yake yalikuwa kwenye lile jembe. "Babirye. Asubuhi ya mvua ulikuwa wapi? Nilipita njia ya bonde, sikukuona."

"Nyumbani," Babirye alisema.

"Nyumbani? Mwezi wa tatu?"

"Nilichukua jembe alfajiri." Aliongea akiangalia miguu yake, maneno yakimtoka moja moja. "Lile langu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Akaninyang'anya. Akasema leo katika nyumba hii hakuna kugusa udongo." Alijifuta mikono nguoni. "Nikamwuliza, kwani nani amekufa?"

Nantege alimhamishia mtoto bega la pili.

"Akanizaba kofi," Babirye alisema. "Nikakaa. Saa tatu ndipo nikasikia yowe."

Mzee Lubwama alirudi nyuma hatua moja, akaachana na kivuli cha Bwanika. Waliokuwa karibu naye nao wakarudi nyuma. Ndani ya muda wa pumzi tatu mwenyekiti alikuwa amesimama peke yake, na jembe mbele ya buti zake za mpira.

"Kaka yangu alisema umehamisha masale," Nantege alisema. Hakupaza sauti. "Nikamwambia, jirani hawezi. Nikamwambia mimi. Hukuogopa kumpiga mchi mtu mzima kichwani, ukaogopa kulima?"

Bwanika alitazama huku na huku. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo wa juu. Hakutaja nywele wala damu.

Ndipo sauti ikaanza.

Mwanzoni Okwir alidhani ni breki za gari. Ilitoka chini, ya kukwaruza, ikakatika, ikaanza upya. Askari aliyemshika Nalumansi alimwachia mkono bila kuambiwa. Msichana alikuwa akimtazama Bwanika. Mdomo ulifunguka, shingo ikakaza mishipa, na yowe likatoka lote, lile lililopaswa kutoka Jumanne saa mbili asubuhi, refu, kali, likapanda juu ya mapaa na migomba.

"Jamani! Wamemuua baba! Jamani, njooni, wamemuua baba!"

Yowe haliulizwi.

Nantege ndiye aliyelijibu wa kwanza. Alilijibu kabla uso wake haujaamua. Baada yake Lubwama kwa sauti yake ya jino moja, kisha aliyekalia mbegu, kisha aliyecheka, kisha Babirye, kisha aliyerusha bonge la udongo, uwanja mzima, watu hamsini waliotaka kumchoma moto wakipiga yowe lake. Ng'ambo ya bonde waliokuwa hawajui lolote waliliitikia, na wa ng'ambo ya pili wakawaitikia hao.

Nabukeera hakuwa akiandika. Alikuwa akitazama mdomo wa Bwanika. Ulifunguka, kama ulivyofunzwa tangu utotoni kufunguka. Ukabaki wazi. Hakikutoka kitu.

"Koplo," Nabukeera alisema, "pingu."

Walipompitisha kwenda garini hakuna aliyemgusa. Walimpa njia pana, kama walivyolipa jembe. Nabukeera alirudi kulifunga jembe kwenye kitambaa, akatia saini karatasi ya kielelezo juu ya goti lake, kisha akampigia mkuu wa kituo. "Ndiyo, afande, mtu mmoja. Siyo yule. Na afande, daktari amalize leo. Kesho wazike. Hawa watu wana mbegu."

Alipogeuka, Nalumansi alikuwa bado amesimama palepale, anapumua kama aliyekimbia. Mbele ya gomesi lake palikuwa na madoa mawili yaliyolowa, yakipanuka.

Nantege aliyaona pia. Alimtoa mtoto begani, akamsukumia msichana mikononi, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Kaa chini," alisema, sauti bado kali, na kwa mguu wake akamvutia mkeka. "Mtoto hanyonyeshwi wima."